Kalunde na Fisi Aliyecheka Mapema

Katika enzi zile ambapo chumvi ilibebwa vichwani na majembe mapya yalitosha kumposa binti wa mtu, mji mkuu wa Ilondo ulikuwa umezungushiwa ua wa minyaa, mnene kiasi kwamba hata kuku aliutafutia mlango. Ndani ya ua huo hapakuwa na mtu aliyejulikana kuliko Mihambo. Huyo ndiye aliyekuwa kirangozi, yaani mtu wa kwenda mbele ya msafara. Kichwani alivaa manyoya ya mbuni, mabegani joho jekundu, miguuni vikuku vya shaba, na kiunoni alining'iniza ngoma ndogo. Ngoma ile ikilia, wapagazi husahau uzito wa mizigo.

Alikuwa jasiri, hilo hakuna aliyelikana. Lakini alikuwa na matege. Na alikuwa na tabia moja ambayo watu wote waliijua: ukimsimulia jambo la kuchekesha, yeye hucheka kabla hujafika mwisho. Wenzake wakingoja kichekesho kije, Mihambo amekwisha kujishika mbavu.

Kulikuwa na mwanamke mfinyanzi, jina lake Kalunde. Huyu alikuwa mtani wake. Zamani za mababu koo zao mbili zilipigania kisima, zikauana hata zikachoka kuzikana, ndipo wazee wakasema, "Basi, tangu leo tupigane kwa midomo tu." Tangu hapo mtu wa ukoo huu akikutana na wa ukoo ule humwambia neno lolote, humnyang'anya kitu chochote, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. Na mmoja akifa, mwingine ndiye humzika, huvaa nguo zake na kuigiza mwendo wake matangani, ili wafiwa wacheke na machozi yao yapate njia.

Siku ya msafara kuondoka kwenda visima vya chumvi, Kalunde alisimama langoni, mikono imejaa udongo.

"Ewe Miguu-ya-Upinde," akasema, "unaondoka kweli au unatembeza hayo manyoya yapate upepo?"

"Naondoka, mke wangu wa bure," Mihambo akajibu. "Nikuletee nini?"

"Chumvi. Na usife huko njiani, maana mimi ndiye wa kukuzika, na mgongo wangu unauma."

Watu wakacheka. Mihambo alikuwa amecheka zamani, tangu aliposikia "usife". Akapiga ngoma, msafara ukatoka. Kalunde akabaki akiangalia lile joho jekundu mpaka likawa dogo kama tone la damu, akarudi kwenye vyungu vyake. Siku ile alifinyanga vyungu vibaya, vyote vimeinama upande mmoja, akavivunja.

Safari ya kwenda ilikuwa njema. Wakatoa majembe, wakapata chumvi, wakaifunga katika malindo ya magome ya miti, wakaanza kurudi. Ili kurudi Ilondo ilibidi wavuke mto Lugala, na kivuko cha Lugala kilikuwa mali ya Usembe, na Usembe ilitawaliwa na mwanamke. Jina lake Mtemi Minza.

Minza alijua uchawi. Alikuwa na usinga wa mkia wa nyumbu, mpini wake wa pembe nyeusi. Walisema akiupunga, mtu huweza kuwa mnyama. Kwa hiyo watu wake walimwogopa mno. Walipomletea chakula walikiweka chini na kurudi kinyumenyume. Hakuna aliyekula naye, wala aliyemwambia kwamba kilemba chake kimekaa vibaya, hata kilipokaa vibaya mwaka mzima. Tangu utoto wake hakuna aliyecheka karibu naye.

Basi msafara ulipofika kivukoni kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, akasikia ngoma ya Mihambo, kisha akasikia kicheko chake. Akamwita.

"Kirangozi," akanena, "msafara uende, wewe ubaki. Nitakupa nyumba, ng'ombe, na nafasi kando yangu."

Mihambo akapiga goti kwa heshima. "Mtemi, nashukuru. Lakini mguu wa kirangozi ni wa njia, na njia yangu inaishia Ilondo. Yuko mtu anayengoja nimletee chumvi."

"Mkeo?"

"Mtani wangu. Nisipofika atanisema hadi kaburini."

Minza hakulijua neno hilo. Alichosikia ni kwamba amekataliwa. Akainua mkono, na askari wa Usembe wakatoka katika matete, mikuki mbele, wakaziba kivuko.

Mihambo akawapigia kelele wapagazi wavuke palipo na mawe, naye akachukua ngao ya ngozi ya nyati, akasimama pale mto unapokuwa mwembamba. Mishale ikaizamia ngao mpaka ikafanana na nungunungu. Akavunja mkuki wake, akapigana kwa mpini. Mpini ukavunjika, akapigana kwa ukingo wa ngao. Maji yalimfika kiunoni. Hakuondoka mpaka mpagazi wa mwisho alipopanda ng'ambo ya pili na mzigo wake. Wapagazi walipogeuka waliiona ngao tupu ikiteremka na maji, mmoja wao akaidaka. Kirangozi hawakumwona tena. Mioyo ikawavunjika, wakakimbia.

Hawakuona yaliyotokea katika matete. Minza aliteremka hadi majini, akampiga Mihambo begani kwa usinga wake. Mgongo wake ukateremka nyuma, masikio yakapanuka, madoa yakamjaa mwilini. Akawa fisi.

"Nenda basi kwa hao unaowapenda," Minza akamwambia. "Kila mtu atakapokusifu na kukulilia, ngozi hii itazidi kukubana, na kila ikikubana utasahau jambo moja. Itakutoka siku utakapodhihakiwa usoni pako na mtu anayekupenda kweli. Na siku watakapokunyolea nywele za matanga na kumpa mwingine jina lako, utakuwa fisi moja kwa moja."

Alidhani amemfungia mlango wa chuma. Mtu anayekupenda akudhihaki? Shujaa wa kivuko nani atamcheka? Ndivyo alivyojua dunia, maskini, kwa kuwa hakuwahi kutaniwa.

Msafara ukatembea, na nyuma yake fisi akifuata kwa mbali. Wapagazi wakamrushia mawe. Yeye alirudi nyuma kidogo, akaendelea kufuata, na mbwa mwitu walipoinyemelea mizigo aliwafukuza. Hakuna aliyemshukuru. Nani humshukuru fisi?

Walipofika Ilondo wakaiweka ile ngao miguuni pa Nkamba, mama yake Mihambo, bibi mrefu mwenye maneno machache. Akaipapasa, akahesabu kwa vidole vyake matundu ya mishale, akasema, "Hakukimbia. Haya, mzikeni."

Kwa kuwa maiti haikuwepo, waliizika ngao, na matanga yakaanza. Mtunga sifa wa ikulu akasimama: "Mihambo, simba wa Lugala! Mihambo, mwamba usiomezwa na maji!" Nje ya ua, chini ya minyaa, fisi aliyelala akijificha jua alihisi ngozi inambana kifuani, akasahau mapigo ya ngoma yake. Wapagazi wakasimama, kila mmoja na sifa zake. Fisi akasahau njia ya kwenda visimani. Shangazi zake wakalia wakisema hapakuwa na mwanamume mzuri wa sura kama yeye, jambo ambalo, wajukuu zangu, hata wao walijua si kweli. Fisi akasahau jina la mama yake.

Ikawa zamu ya mtani. Watu wakamngoja Kalunde awafungue mioyo. Kalunde akaja, nywele zake hazijasukwa, akaliangalia lile kaburi la ngao, akafungua mdomo.

"Alikuwa mtu mwema," akasema. "Alikuwa... hakuna kama yeye." Kisha akaanguka juu ya udongo, akalia.

Nje ya ua fisi akatoa mlio uliowasimamisha watu nywele. Sifa hiyo moja ilimbana kuliko zote zilizotangulia. Alisahau hata kwamba alikuwa na jina. Kilichobaki kichwani mwake ni harufu ya udongo wa kufinyangia, basi.

Asubuhi yake wembe ukanolewa. Mpwa wa marehemu akaitwa apewe jina, na maji ya kulowesha nywele yakawekwa katika kibuyu. Hapo Nkamba akainuka, akaenda mpaka kwa Kalunde aliyekaa pembeni na wageni.

"Kalunde, mwanangu aliukosea nini ukoo wenu?"

"Hakutukosea, mama."

"Basi mbona mmemdharau? Mwenye kulia ni mimi. Shangazi zake wanalia. Jirani analia. Wewe ni nani ukalia? Umemlilia mwanangu kama mtu wa njiani."

"Ulimi wangu umekufa, mama. Kila nikitafuta neno la kumtania, naona ile ngao."

"Ufufue," Nkamba akasema. "Hatunyoi nywele za matanga ya mwanangu kabla hajachekwa. Hajazikwa huyo, amefukiwa tu."

Kalunde akafuta pua kwa kiganja. Akaingia ndani, akakaa kidogo, kisha akatoka. Amevaa joho la zamani la Mihambo, lile lenye kiraka. Kichwani amechomeka manyoya ya kuku kwa kuwa ya mbuni yalipotelea mtoni. Kiunoni amefunga chungu kidogo mahali pa ngoma. Akapanua miguu ikawa kama upinde, akatembea. Ule mwendo hasa! Mtoto mmoja akapiga kelele, "Huyo!" Na watu ambao walikuwa hawajala tangu jana wakaanza kutikisika mabega.

"Mimi ndimi Mihambo," akasema kwa sauti nzito. "Nikisimama, mbuzi na watoto wake hupita katikati ya miguu yangu na hawaulizi njia. Nina sauti tamu ya kuimba: nilipoimba kule Igunda, ng'ombe walikauka maziwa. Simwogopi simba. Simwogopi mkuki. Namwogopa nani?"

"Chura!" wakaitikia watu, maana ilijulikana.

"Nyamazeni, nasimulia mwenyewe. Siku hiyo tumepiga kambi penye dimbwi. Nimevua joho, nimelitandika, nataka kulala kiume. Mara nahisi kitu cha baridi kinapanda mgongoni..."

Hapo kicheko kikasikika. Kilikuwa cha fisi, kirefu, cha kupanda na kushuka, kimetoka nyuma ya ua. Watu wakaruka. Fisi mchana kweupe, tena anacheka matangani! Sizya, mkuu wa askari, akachukua mkuki. "Mchawi ametumwa kumcheka marehemu," akasema. "Fungueni lango." Vijana wakatoka mbio.

Kalunde alibaki amesimama na manyoya ya kuku kichwani. Chura alikuwa hajaruka bado. Hadithi haijafika mwisho. Katika nchi yote ya Ilondo ni mtu mmoja tu aliyekuwa akicheka pale.

Akakimbia, chungu kikimgonga mapaja, akawapita vijana, akamfikia fisi aliyejibana kwenye matawi ya minyaa huku mikuki imeinuliwa. Akasimama katikati.

"Ondoka, Kalunde," Sizya akasema.

"Siondoki. Huyu ni mtani wangu, na mtani wangu hauawi kabla sijamaliza kumsema."

"Umeingiwa na wazimu wa msiba."

"Labda. Nipe nafasi, mkuki hauchachi." Akageuka, akachuchumaa mbele ya yule mnyama. Alinuka vibaya, na meno yake yalikuwa yanaonekana. Kalunde akaanza: "Ewe Miguu-ya-Upinde. Nimekutuma chumvi, umeniletea madoa? Hivi kweli, katika wanyama wote, umekosa hata kuwa swala, ukaona fisi ndiye anakufaa? Lakini nimekumbuka, ulikuwa unakula hivyohivyo tangu zamani."

Fisi akacheka. Na ngozi ya mguu wake wa mbele ikapasuka kama ganda la muhogo uliochemka, ukatokea mkono wa mtu.

Nkamba alikuwa amefika langoni. Alipouona ule mkono wenye kovu la jembe, jeraha aliloliosha yeye mwenyewe, akapaza sauti, "Mwanangu! Shujaa wangu, simba wangu!" Mara ngozi ikajifunga. Mkono ukarudi kuwa mguu wa makucha, na fisi akaunguruma, akamwelekezea Kalunde meno yake kana kwamba hamjui.

Watu wote wakaona. Kalunde akaona pia, akaelewa.

"Mama, usimsifu! Sifa zinamrudisha. Mseme!"

"Nimseme mwanangu?" Nkamba akauliza. "Amekufa mara moja, amefufuka, nami nimtusi?"

"Mseme, mama. Au nyamaza kabisa."

Bibi yule akasimama akitafuna midomo. Ilimwia vigumu kuliko kuizika ngao. Mwishowe akanyoosha kidole.

"Wewe," akasema, "ulinilowesha mgongo mpaka ulipokaribia kuota ndevu."

Kicheko cha watu wa Ilondo siku ile, walisema, kiliwarusha njiwa kutoka kwenye maghala. Mkono ukarudi. Kalunde akashika hapohapo: akayasema masikio, masikio yakapungua, akausema mgongo, mgongo ukanyooka. Wapagazi wakasogea, kila mmoja na lake. "Ulitupoteza njia siku nzima ukasema tunatalii!" "Uji wangu uliunywa wewe, nami nilinyamaza!" Hata Sizya akaweka mkuki chini: "Na shoka langu uliloazima, liko wapi?" Ngozi ikaanguka vipande vipande, mpaka akabaki Mihambo amekaa vumbini, uchi, amejikunja, anacheka na kulia. Kalunde akamtupia joho.

"Jifunike," akasema. "Yatosha tuliyoyaona." Kisha akageuza uso upande mwingine, kwa sababu alikuwa ameanza kulia, na aliogopa machozi yake yasimrudishe.

Mambo hayakuishia hapo. Kule Usembe mpini wa usinga ulipata ufa, na Minza akajua. Mwezi haujaandama, siku moja Kalunde amevaa tena lile joho na manyoya ya kuku akiwachekesha watoto, vumbi likaonekana upande wa Lugala. Jeshi zima la Usembe likauzunguka ua wa minyaa, ngao kwa ngao, na visima vyote viko nje. Minza mwenyewe akaletwa mbele akibebwa kwenye kiti, usinga mkononi, kilemba kimekaa vibaya.

"Nipeni kirangozi wangu," akanena, "ama kesho Ilondo nzima italia kama fisi."

Mihambo akachukua ngao. "Nitatoka mimi. Damu ya mtu mmoja ni nafuu."

"Kaa chini," Kalunde akamwambia. "Ulipotoka mara ya kwanza ulirudi na mkia." Akapanda juu ya kichuguu kilichokuwa kando ya lango, akatokeza kichwa.

"Mtemi Minza!" akaita. "Umetoka mbali kote huko, na jeshi lote hilo, kwa ajili ya mwanamume mwenye matege?"

Askari wa Usembe wakatazama miguu yao wenyewe.

"Nani huyo anasema nami hivyo?" Minza akauliza. Walioisikia sauti yake walisema haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyeguswa begani gizani.

"Mtani wako."

"Mimi sina mtani."

"Inaonekana. Ungekuwa naye, angekwisha kukwambia habari ya hicho kilemba. Kimekaa kama kuku anayeatamia mayai."

Mkono wa Minza ukapanda kichwani peke yake, ukakishika kilemba. Ukakaa hapo. Askari mmoja wa nyuma akakohoa, lakini hakikuwa kikohozi. Na Minza, bila kukusudia, mdomo wake ukamtangulia:

"Na wewe? Una manyoya ya kuku kichwani tangu lini?"

Kalunde alikuwa ameyasahau kweli. Akayang'oa, akayatazama, akaangua kicheko. Kisha Minza akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha kukwaruza, kama mlango wa ghala lisilofunguliwa tangu njaa ya mababu. Lakini kilikuwa kicheko.

"Mmesikia nyote?" Kalunde akawaambia majeshi yote mawili. "Nimemtania, amejibu. Tumekwisha kuwa watani, mbele ya mashahidi." Akashuka kichuguuni, akalifungua lango kwa mkono wake, akatembea peke yake katikati ya mikuki mpaka kwenye kile kiti. Akamnyang'anya Minza usinga.

Mikuki ikainuka. Kalunde hakutazama huku wala huku. "Mtani huchukua akitakacho, na mwenziwe hakasiriki. Ndiyo sheria. Utakasirika?"

Minza alimtazama sana. Walikuwa karibu hivi kwamba angeweza kumnyonga. Katika maisha yake hakuwahi kusogelewa na mtu namna hiyo.

"Nami nachukua nini?" akauliza mwishoni, taratibu, kama mtoto anayejifunza mchezo.

"Chochote. Ila huyo mwenye matege nimekwisha kumzoea."

Minza akamvua Kalunde lile joho jekundu lenye kiraka, akalivaa pale pale, akaamuru mikuki ishushwe. Jioni ile alikula ugali kwa mara ya kwanza katika chungu kimoja na watu wengine. Nkamba akamkemea kwa kumega tonge kubwa.

Mihambo na Kalunde walioana baada ya mavuno. Minza alikuja arusini akaiba mbuzi, akaenda naye kwao akiwa na furaha tele. Usinga waliutundika ghalani, mchwa wakaula.

Miaka mingi ilipopita, habari ilikuja kwamba Mtemi wa Usembe amefariki. Kalunde wakati huo alikuwa bibi, meno machache, lakini alishika njia ya Lugala. Watu wa Usembe walikuwa wamekaa kimya kuzunguka kaburi, bado wanamwogopa hata ndani ya udongo. Kalunde akaliangalia lile kaburi, akaikumbuka siku ile ya ngao. Akachukua kilemba cha marehemu, akakivaa vibaya makusudi, akakaa kwenye kiti chake, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Nipeni kirangozi wangu!"

Wakacheka, wakalia, na Minza akazikwa sawasawa.

Vita vya kivukoni hakuna anayevikumbuka vizuri siku hizi. Ilondo wanadai walishinda wao, na Usembe wanadai vivyo hivyo, na huo nao ni utani. Kilichobaki ni wimbo wa kutwangia uwele, ambao pande zote mbili za Lugala huuimba:

*Twanga, twanga, mchi na uinuke,*
*Fisi yu mlangoni, nani amkumbuke?*
*Twanga, twanga, mchi na ushuke,*
*Mwenye mtani hafi: mcheke azinduke.*

Kila mwanamke anayeshika mchi huongeza dhihaka yake moja juu ya Mihambo, kwa hiyo wimbo hauna mwisho. Umekwisha kuyasema matege yake, uimbaji wake, na chura wake. Ubeti wa kumsifu haumo. Mgeni akijaribu kuutia, wanamnyang'anya mchi.